Moto Usiokula Kuni

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa meseji fupi. Mwezi wa saba alinitumia hii: "Tafutia Mathe fayaplesi ya stima. Ikae ya ukweli. Bajeti 45." Hakuandika elfu, hakuandika tafadhali. Yeye yuko Nairobi na ana kazi ya kueleweka. Mimi niko Migori, niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na naishi kwa kuandika: makala, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote chenye M-Pesa mwishoni. Kwa hivyo nyumbani inaaminika kwamba muda wangu ni wa bure.

Nilicheka peke yangu. Nyumba ya mama iko upande wa Rodi Kopany, kaunti ya Homa Bay. Saa nane mchana huko mabati yanalia kwa joto na kuku wanalala chini ya mkokoteni midomo wazi. Moto wa kuotea ni wa nini? Nikaanza hata kuandika kitu cha kejeli, juu ya sisi watu wa ziwani tunaotafuta baridi ya wenyewe ndio tupate sababu ya kununua moto wao. Nilikuwa nimefika maneno mia sita na nilikuwa najipenda sana.

Halafu nikaenda dukani kuona hiyo kitu kwa macho yangu.

Ni duka la fanicha kando ya barabara kuu inayoteremka kwenda Isebania. Mlangoni waliweka stendi ya TV ya mbao nyeupe, ndefu kama kitanda, na katikati yake kuna kidirisha cha kioo. Ndani ya kidirisha, moto. TV iliyo juu ilikuwa inaonyesha mpira. Mbele yake walikuwa wamesimama msee wa nduthi na helmeti mkononi, mama aliyebeba vitunguu na watoto wawili wa shule. Nikafuata macho yao. Hakuna aliyekuwa anaangalia mpira.

"Songa karibu, bosi," muuzaji akaniambia. "Shika kioo. Hakichomi."

Nikashika. Kilikuwa baridi, na mtoto mmoja akashtuka kwa niaba yangu. Hapo kejeli yangu ilianza kulegea. Nimesoma uhakiki wa vitabu, wa filamu, wa albamu. Moto bandia pia ni kazi ya mikono ya mtu. Kuna mahali mtu alikaa chini akajiuliza moto unakaaje, akachagua kipi kiingie na kipi kiachwe nje. Na watu wanne pale mlangoni walikuwa wanaikubali kazi yake. Kwa hivyo wacha tuuhakiki kama kazi nyingine yoyote: umetoka wapi, unaiga nini, unafaulu wapi, unadanganya nani.

Tuanze na ulikotoka. Desemba 1952, jiji la London lilifunikwa na ukungu mzito wa moshi kwa siku tano. Moshi mwingi ulikuwa wa makaa ya mawe, na mwingine ulitoka sebuleni mwa watu, kwenye yale matundu ya ukutani waliyokaa mbele yake kila jioni. Maelfu walikufa. Mwaka 1956 Uingereza ikapitisha Sheria ya Hewa Safi, na mitaani kote watu wakaanza kuachana na makaa. Lakini tundu lilibaki ukutani, na viti bado vililitazama. Meko ya umeme yalikuwepo tayari, sasa yakapata kazi. Ndani yake ulikuta makaa ya plastiki, chini yake balbu, na juu ya balbu kijipangaboi cha bati kilichozungushwa na hewa moto ya balbu yenyewe. Kikizunguka, mwanga unachezacheza, na chumba kinaamini.

Miaka kumi baadaye, New York, kituo cha TV cha WPIX kilifanya kitu cha ajabu zaidi. Mkesha wa Krismasi wa 1966 kilionyesha gogo likiwaka, basi. Hakukuwa na mtangazaji, hakukuwa na hadithi, muziki wa sikukuu tu. Moto huo ulipigwa filamu katika makao rasmi ya meya, kwa ajili ya watu wa fleti ambao hawakuwa na meko. Filamu yenyewe ilikuwa ya sekunde 17, ikirudiwa na kurudiwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1970, walilazimika kupiga nyingine ndefu zaidi.

Hizo sekunde 17 nitazirudia, ziko na maana. Kwa sasa shika hili: moto wa bandia ulizaliwa kuwa kumbukumbu ya moto uliokuwa umeondoka. Waliounda hawakuwa na moshi tena machoni, ndio maana waliweza kuupenda.

Kwetu Kenya, moto wa ndani ya ukuta uliletwa na walowezi. Nenda Limuru, nenda Molo, utaona zile nyumba za mawe zenye mabomba ya moshi. Huko angalau kuna baridi ya kuielezea. Walowezi walipoondoka, bomba la moshi likabaki kama alama: mwenye meko sebuleni ni mtu aliyefika. Nairobi ya mwezi wa saba ikaichukua hiyo alama, mafundi wa mapambo ya nyumba wakaipiga picha, picha ikaingia kwenye simu, na simu haijui joto la mahali ilipo. Kwa hivyo mtu aliyepata pesa kwa dhahabu ya Nyatike au kwa miwa ya Awendo akijenga nyumba, anaweka jipsam juu na moto wa stima chini. Hajakosea kusoma alama. Ameisoma vizuri kabisa.

Hapo ndipo kejeli yangu ingeishia, na ingekuwa makala nzuri ya watu kutumiana. Lakini niliambiwa nichague, na kuchagua kunakulazimisha uangalie.

Kwa wiki mbili niliangalia, madukani Migori na kwenye simu usiku. Ziko aina nne ambazo utakutana nazo.

Ya kwanza ni ya ufito. Nyuma ya kioo kuna taa ndogo za rangi ya chungwa, na ufito wenye vipande vinavyong'aa unaozungushwa na mota. Mwanga unagonga vile vipande na kuruka juu ya pazia la plastiki kama ndimi za moto. Mbele wameweka magogo ya plastiki yenye mwanga mwekundu kwa ndani. Dakika ya kwanza unashangaa, dakika ya tatu unaanza kuona ulimi uleule ukirudi mahali palepale. Na mota ikizeeka inaanza kusaga kama mtu anayetafuna usingizini.

Ya pili ni ya skrini, yaani filamu ya moto halisi. Hii ndiyo inayopiga picha vizuri, na ndiyo nilidhani itashinda. Shida yake ni ya New York: mwisho unaunganishwa na mwanzo, na jicho la binadamu ni jepesi sana kwa hilo. Ukishaona mshono, huwezi kuacha kuuona. Ni kama rafiki anayerudia kisa kimoja kila mkikutana, mpaka unajua atacheka wapi.

Ya tatu ni ya mvuke. Kuna tangi la maji, na kidude kinachotetemeka kwa kasi ambayo sikio halisikii, kinageuza maji kuwa ukungu mwembamba. Taa inaupiga ule ukungu kutoka chini, na wallahi unaona moshi na mwali vikipanda pamoja, kila sekunde tofauti na iliyopita. Hakuna kurudia. Kwa uhalisia, hii inazichapa nyingine zote. Lakini inataka maji safi. Maji yenye chumvi yanaacha ukoko mweupe kwenye kile kidude, na mtaani kwangu maji yanakuja na mkokoteni, kwa mtungi. Kuna kitu cha kuchekesha katika kununua maji ili uchome moto, na bei yake pia haikuwa ya kaka yangu.

Ya nne ni taa bapa tupu, nyembamba, isiyo na joto, ya kuingizwa kwenye stendi. Rimoti inabadilisha rangi: chungwa, bluu, zambarau, kijani. Muuzaji alinionyesha ile zambarau kwa fahari kubwa. Moto wa zambarau haujawahi kupika ugali wa mtu yeyote.

Baada ya kuangalia zote niligundua kwamba nilikuwa naangalia mahali pabaya, kama wengi wetu. Tunaikodolea ile miali, tukiuliza kama inafanana na moto. Lakini usiku kijijini, ni nani anayekodolea moto? Unaona uso wa nyanya yako ukija na kupotea, unaona kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko yeye. Moto ni kile unachofanya kwa chumba. Kwa hivyo jaribio langu ni hili, na nakupa bure: mwambie muuzaji azime taa za duka, kisha upe moto mgongo. Angalia ukuta ulio mbele yako sasa. Kama mwanga unasogea ukutani, kama vivuli vya viti vinapumua, hiyo kitu inafanya kazi ya moto. Kama ukuta umekaa tuli, umeonyeshwa picha ya moto, hata kama picha ni nzuri namna gani. Ile ya skrini ilifeli hapa. Ile ya ufito, rahisi na yenye kelele, ilipita.

Mengine ni ya fundi, niyapitie haraka. Nyingi zina hita ndani, mara nyingi ya wati 1500, maana yake saa moja ya joto inakula uniti moja na nusu ya tokeni zako. Taa peke yake inakula kidogo sana. Hakikisha kwamba miali inawaka bila hita. Hakikisha ni ya volti 240. Za Marekani ni za 120 na kwetu zitaungua, na hapo utapata moto wa ukweli bila kuongeza pesa. Hita usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei nafuu. Ichomeke ukutani.

Lakini kuna kosa moja ambalo ni la zote nne, na halimo kwenye mashine.

Mwaka 1938, Paul Mboya, mtu wa Karachuonyo aliyekuwa chifu huko, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo, ambacho wazee wetu bado wanakitaja kama mashahidi wanavyotaja Biblia. Mwaka huohuo, huko Ufaransa, Gaston Bachelard alichapisha kitabu kizima juu ya jinsi mtu anavyoota mchana akikaa mbele ya moto. Nilivisikia vyote viwili nikiwa chuo, wiki moja, kutoka kwa wahadhiri wawili ambao nadhani hawakuwahi kusalimiana. Kilichonibakia ni tofauti ya moto wao. Moto wa Bachelard una mtu mmoja na kiti kimoja. Moto wetu ulikuwa unapanga watu. Kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, wanaume na wavulana walizunguka moto na mambo ya ukoo yakaamuliwa hapo. Kwenye siwindhe, nyumba ya nyanya, watoto walipata hadithi na vitendawili. Mtu akienda kuanzisha boma lake alikwenda na jogoo, na shoka, na moto kutoka boma la zamani. Hukuwashia nyumba mpya moto wa mgeni.

Moto wa namna hiyo una duara. Moto wa stendi ya TV una mstari. Wote tunaangalia upande mmoja kama abiria wa matatu, na aliye kando yako humwoni mpaka aombe rimoti. Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa hii bidhaa kama inavyouzwa kwetu. Uongo wa magogo naweza kuusamehe. Umbo la familia walilobadilisha bila kutuuliza ndilo linanisumbua.

Nikiwa na hiyo hoja mfukoni, naiona ni kali sana, nikapanda matatu ya Rongo, nikashuka, nikachukua nyingine hadi Rodi, kumweleza mama kwa nini hahitaji fayaplesi.

Nilimkuta jikoni. Jiko la mama ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, mafiga matatu na ukuta uliong'aa weusi kama lami mpya. Alikuwa ameinama anapuliza. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya hupikia kuni hasa. Hiyo ni nusu inayoinama namna ile, kila siku, mara tatu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu na akakohoa kile kikohozi chake ambacho sote tumezoea, tumekizoea hadi tunakihesabu kama salamu.

"Nyathina, umekonda," akasema. "Kaa. Si hapo, moshi unafuata watu wembamba."

Baada ya kula nikamwonyesha video kwenye simu. Nilianza na ile ya mvuke, yenye magogo na sauti ya kuni kupasuka, kwa sababu nilitaka aione iliyo bora kabla sijaiangusha. Akaitazama hadi mwisho. Tulikuwa tunaongea Kijaluo, nikikuwekea hapa kwa Kiswahili.

"Huo ni moto," akasema. "Kuni zake ni za mti gani?"

"Si kuni, Mama. Ni plastiki."

"Hilo naliona. Nauliza wanaigiza mti gani. Mti kama huo una moshi mwingi, hauuweki ndani ya nyumba." Akachukua simu, akaisogeza karibu. "Na huyu aliyepanga hajawahi kuwasha. Amelaza magogo mazima, hakupasua. Moto unaanzia katikati. Moto unaanza ncha, unakula ukija ndani. Angalia. Huu unawaka wote lakini hauli. Gogo halipungui."

Nikanyamaza. Wiki mbili nilikuwa nimepima mota, mshono, volti na vivuli, na sikuwa nimeona hilo. Mtu aliyepika kwa kuni miaka arobaini ndiye mhakiki wa moto. Mimi nilikuwa msomaji tu. Moto wa bandia, hata ule bora kabisa, hauna njaa. Hauachi majivu, hausogezwi, hauombi gogo jingine. Hakuna saa sita usiku ambapo mtu mmoja lazima aamke auchochee na wengine wajifanye wamelala. Kama ningekuwa naandika uhakiki wa kawaida ningemaliza hapo: kazi hii ni ya uongo kwa sababu haina gharama ndani yake.

"Kwa hivyo haufai," nikamwambia, nikiona ushindi.

"Nani amesema haufai?" Akanirudishia simu. "Moto usiokula, huo ndio nautaka. Hawa wengine wote nimewalisha mimi."

Akacheka, mimi sikucheka. Kisha akasema kitu kingine, akiangalia nje, mahali ghala lilipo. "Lakini usilete wa magogo. Mwambie kaka yako magogo yaliisha."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hutaelewa. Baba alifariki Aprili 2020. Kwetu, mwenye boma akifa huwashwa magenga, moto mkubwa wa magogo mbele ya nyumba, na wanaume hukesha wakiuzunguka. Ni mahali pa kulia, na pia pa kusengenya, kucheka, kudaiana na kusameheana. Mti ulikuwa umeshakatwa. Lakini ilikuwa Aprili ya korona. Mazishi yalikuwa ya watu 15, kafyu ilikuwa saa moja jioni, na Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6. Kaka yangu alikuwa ndani ya Nairobi. Kibali chake kilifika siku moja baada ya sisi kumaliza. Tulimzika baba asubuhi, haraka, kila mtu akiangalia saa. Magenga hayakuwaka. Magogo yakabaki kando ya ghala, makubwa, yamepangwa vizuri, na hakuna aliyejua yafanywe nini, kwa sababu kuni za magenga si kuni tu.

"Nani aliyatumia?" nikauliza. Nilikuwa nimedhani mchwa waliyala.

"Mimi. Nilipasua kidogokidogo, nikapikia. Yalinichukua mpaka Krismasi." Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ningefanya nini? Baba yenu angekasirika kuona mti mzuri unaoza."

Sasa nikaisoma upya meseji ya kaka yangu. Tafutia Mathe fayaplesi. Ikae ya ukweli. Kwa mwezi mzima nilikuwa naihakiki kama meseji ya mtu wa Nairobi anayetaka sebule ya Instagram. Nilikuwa na nadharia juu ya walowezi, juu ya alama, juu ya mstari na duara. Sikuwa nimejiuliza swali la kwanza ambalo mhakiki anapaswa kuuliza: huyu anaiga moto gani? Si wa Limuru. Alikuwa anaiga moto ambao hakuufikia.

Usiku huo nililala kwa binamu yangu mjini Homa Bay, na kabla ya kulala nikashuka hadi ufuoni. Hakukuwa na mwezi, kwa hivyo wavuvi wa omena walikuwa kazini. Kama hujawahi kuona, ni kama mji mwingine umewashwa juu ya maji, taa kwa taa hadi mwisho wa macho. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, mwanga wa manjano wenye sauti. Siku hizi nyingi ni za sola, nyeupe, kimya. Wazee watakuambia uzuri umepungua, na mimi nakubaliana nao. Lakini omena bado wanapanda kuufuata mwanga. Niliangalia zile taa muda mrefu, na ile hoja yangu ya Rongo ikaanza kuonekana ndogo. Nilikuwa nimeuliza kama moto ni wa kweli. Sikuwa nimeuliza kama unamleta mtu.

Lakini sikutaka kuisamehe bidhaa kirahisi hivyo. Kuna kitu kibaya, na ni kibaya kwelikweli, katika kumnunulia mama moto wa sebuleni wa elfu arobaini na tano wakati moto wa jikoni unamla macho. Moto wa sebuleni unaonekana na wageni. Wa jikoni unaonekana na mama peke yake. Nyumba nyingi mpya ninazoona kati ya Migori na Homa Bay zina hili kosa: mbele jipsam na taa za rangi, nyuma kibanda cha moshi, na mwanamke mmoja anayetembea kati ya karne mbili akiwa na sahani mkononi. Ukiniuliza kama mhakiki, hilo ndilo fayaplesi inaficha, na ndilo la kuhukumiwa nalo.

Asubuhi nikampigia kaka yangu. Yeye hapendi simu, lakini hii haikuwa ya meseji. Nikamwambia habari ya jiko, habari ya kikohozi. Akaitikia kila kitu kwa "mm". Nikamwambia habari ya magogo, kwamba mama aliyapikia, hadi Krismasi. Hapo hata "mm" ikakatika. Nikasikia matatu zikipita upande wake, kondakta akiita watu wa Rongai.

"Brathe?" nikasema.

"Niko."

Akakata. Baada ya saa moja meseji ikaingia: "Anza na jiko. Hiyo ingine isiwe na magogo."

Kwa hivyo tulianza na jiko. Mtungi wa gesi wa kilo 13, jiko la sahani mbili, na fundi akafungua tundu la moshi kwenye kile kibanda, kwa sababu mama alisema wazi kwamba nyoyo ya watu wengi haiivi kwa gesi na tusimfundishe. Zilizobaki zilitosha kununua moto mmoja mdogo wa ufito. Chini hauna magogo, una kokoto za kioo. Hauigizi mti wowote. Kwa uhalisia nitaupa alama mbili kwa kumi. Kwa jaribio la ukuta nitaupa saba.

Fundi alitaka kuuweka chini ya TV, kama kwenye picha zote. Mama akakataa. Aliuweka ukuta wa pili, chini, karibu na soketi, kisha akageuza viti viwili na kochi moja. Sikuwa nimemwambia neno juu ya duara. Aliona tu kwamba watu hawawezi kuongea wakiwa wamepangwa kama kanisani.

Kaka yangu alikuja mwezi wa nane. Jioni mama akauwasha, hita ikiwa imezimwa maana kulikuwa na joto la kutosha kuuza, na tukakaa. Mwanzoni tuliongea vitu vya kawaida, bei ya mbolea, nani ameoa. Kisha kaka yangu akaanza kusimulia siku ile ya Aprili, alivyosimama kwenye kizuizi cha barabara na suti ya mazishi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa amewahi kutusimulia. Niliangalia ukuta nyuma yake. Kivuli chake kilikuwa kinasogea.

Alikuwa katikati ya sentensi stima ikapotea. Giza kabisa, na ile mota ndogo ikazunguka mara moja ya mwisho ikanyamaza.

"Huu moto wenu hauna adabu," mama akasema gizani. "Umeondoka bila kuaga."

Tukacheka, watatu. Akaenda jikoni kutafuta kiberiti, na kaka yangu, bila kungoja taa, akaendelea kusimulia.